HAMIRA NA KIWANDA CHA PROTINI: Jinsi jeni moja inavyosaidia kuongoza ukuaji wa seli

Hamira ni miongoni mwa viumbe vilivyomtumikia binadamu kwa muda mrefu kabla binadamu hajatambua kwamba ni viumbe hai. Katika miteremko ya Mlima Meru, kama ilivyo kwa majirani wa Kilimanjaro, pombe ya ndizi imekuwa ikipikwa tangu enzi za mababu. Na mjini Arusha mkate na maandazi ya asubuhi hayapatikani bila punje chache za hamira. Mpishi wa pombe hujua vema kwamba machicha ya pombe ya jana huharakisha pombe ya leo. Sababu yake ilianza kueleweka kuanzia mwaka 1857, Louis Pasteur wa Ufaransa alipoonyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai, wala si kuoza tu kwa sukari.

Leo hamira imepata kazi nyingine. Imekuwa mwalimu wa wanasayansi katika swali lililo gumu kuliko linavyoonekana: seli hujuaje kwamba sasa ni wakati wa kukua, na sasa ni wakati wa kungoja? Swali hili lina uzito. Mtoto hukua kwa sababu seli zake hukua na kugawanyika. Jeraha hupona kwa sababu hiyo hiyo. Na saratani ni ukuaji uliokataa kutii amri ya kusimama. Makala haya yanaeleza sehemu moja ya jibu, yaani kazi ya jeni iitwayo SFP1 katika utengenezaji wa ribosomu.

1. Hamira ni kiumbe gani?

Hamira ya mikate na ya pombe huitwa kwa jina la kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Ni kuvu mwenye seli moja tu, yenye upana wa mikromita 5 hivi. Seli 200 zikipangwa mstari mmoja hufikia urefu wa milimita moja. Seli hii haigawanyiki katikati kama bakteria. Huchipua: kijiseli kidogo hutokeza ubavuni mwa seli mama, hukua, kisha hutengana nayo.

Ingawa hamira ni ndogo, mpango wa seli yake unafanana na wa seli ya mgomba, ya ng'ombe na ya binadamu. Ina kiini kilichozungukwa na utando, na ndani ya kiini zimo kromosomu 16 zinazobeba DNA. Mwaka 1996 maabara za Ulaya, Marekani, Kanada na Japani zilikamilisha kazi ya kusoma DNA yote ya hamira. Ilionekana kuwa ina herufi za urithi zipatazo milioni 12 na jeni zipatazo 6,000. Hamira ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye kiini cha seli kusomwa urithi wake wote. Jeni nyingi kati ya hizo zina ndugu zake katika mwili wa binadamu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya hamira kupendwa maabarani: ni rahisi kufuga, hukua upesi, na mengi yanayojulikana kwayo hutufunza juu yetu wenyewe.

2. Ribosomu: mahali protini zinapoundwa

Kila mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa kwamba jeni ni maagizo ya kutengeneza protini. Maagizo hayo hunakiliwa kutoka katika DNA na kuwa RNA, nakala hiyo hutoka ndani ya kiini, na katika saitoplazimu husomwa na chombo kiitwacho ribosomu. Ribosomu huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kwa kufuata maagizo, mpaka protini ikamilike. Vimeng'enya vya kuchachusha sukari, kuta za seli, na hata sehemu za ribosomu yenyewe hutegemea kazi hii.

Ribosomu ziliangaliwa kwa darubini elektroni na kuelezwa na George Palade katika miaka ya 1950. Ramani kamili ya atomu zake ilipatikana baada ya nusu karne ya kazi, na mwaka 2009 Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Ribosomu ya hamira ina sehemu mbili, kubwa na ndogo, ambazo hukutana wakati wa kazi kama mawe mawili ya kusagia. Imejengwa kwa molekuli nne za RNA na protini 79 za aina mbalimbali. RNA tatu kati ya hizo nne hutokana na nakala moja ndefu ambayo hukatwakatwa; kazi hiyo hufanyika ndani ya kijikiini, yaani lile doa jeusi linaloonekana ndani ya kiini cha seli. Protini zake huundwa nje ya kiini, kisha huingizwa ndani kupitia matundu ya utando. Humo huunganishwa na RNA, na sehemu zilizokamilika nusu hutolewa tena nje. Zaidi ya protini 200 nyingine hushiriki katika ujenzi huo bila kubaki ndani ya ribosomu, kama vile mafundi wanavyojenga nyumba kisha wakaondoka.

3. Gharama ya ukuaji

Kutengeneza ribosomu ni kazi ghali kuliko kazi zote za seli inayokua. Hesabu ifuatayo, iliyo mashuhuri miongoni mwa wataalamu wa hamira, inadhihirisha jambo hilo.

Seli moja ya hamira inayokua vizuri ina ribosomu zipatazo 200,000. Katika chakula kizuri hujizidisha maradufu kila baada ya dakika 100 hivi. Ili kila mmoja wa wale wawili awe na ribosomu zake, seli haina budi kutengeneza ribosomu mpya 200,000 katika dakika 100. Yaani ribosomu 2,000 kwa dakika, au zaidi ya 30 kwa kila sekunde.

Tuendelee. Kila ribosomu inahitaji protini 79. Kwa hiyo protini zinazopaswa kuingia katika kiini ni 2,000 × 79, yaani 158,000 kwa dakika. Utando wa kiini cha hamira una matundu yapatayo 150. Basi kila tundu hupitisha kwenda ndani protini zaidi ya 1,000 kwa dakika kwa ajili ya ribosomu peke yake, na wakati huo huo hupitisha kwenda nje sehemu zipatazo 27 za ribosomu zilizoundwa. Si ajabu kwamba takribani asilimia 60 ya kazi yote ya kunakili jeni katika seli hiyo hutumika kutengeneza RNA ya ribosomu, na kwamba jeni za RNA hiyo zimewekwa kwa wingi, nakala kama 150 zikiwa zimepangwa mfululizo katika kromosomu moja.

Kutokana na hesabu hii linazuka tatizo. Seli inayojenga viwanda vya protini wakati chakula kimekwisha itamaliza akiba yake na kufa. Seli inayochelewa kujenga wakati chakula kipo itapitwa na wenzake. Tuchukulie mfano wa seli mbili katika chungu kimoja, ya kwanza ikijizidisha kila dakika 100 na ya pili kila dakika 200. Baada ya saa 20 seli ya kwanza itakuwa imejizidisha mara 12 na kuwa na kizazi cha seli 4,096. Ya pili itakuwa imejizidisha mara 6 tu, na kizazi chake ni seli 64. Katika maisha ya hamira hiyo ndiyo tofauti baina ya kutawala chungu na kusahauliwa. Kwa hiyo hapana budi kuwepo msimamizi anayelinganisha ujenzi wa ribosomu na hali ya chakula.

4. Jeni ya SFP1

Jeni ya SFP1 ilitambuliwa mwaka 1991, ilipoonekana kwamba hamira isiyokuwa nayo hukua kwa shida. Protini yake ni ya kundi la zile zinazoshika atomu za zinki na kujikunja kama vidole, ambavyo huiwezesha kuhusiana na DNA. Lakini kwa miaka kadhaa haikufahamika wazi inafanya nini.

Jibu lilikuja kwa njia ya uvumilivu. Baada ya DNA ya hamira kusomwa, wataalamu wa nchi mbalimbali walitengeneza mkusanyiko wa hamira ambamo kila aina imeondolewa jeni moja tu. Mwanasayansi akitaka kujua jeni fulani ina kazi gani, huangalia hamira isiyokuwa nayo imepungukiwa na nini. Ni kama fundi wa saa anayetoa gurudumu moja na kutazama ni mshale gani umesimama. Mwaka 2002 Paul Jorgensen, Mike Tyers na wenzao nchini Kanada walichapisha matokeo ya kupima ukubwa wa seli katika aina zipatazo 5,000 za mkusanyiko huo. Miongoni mwa zile zilizokuwa na seli ndogo kupita kiasi ilikuwamo hamira isiyo na SFP1. Nyingine ilikuwa ile isiyo na jeni iitwayo SCH9.

Uchunguzi ulionyesha kwamba protini ya SFP1, ikiongezwa katika seli, huamsha kundi kubwa la jeni. Jeni hizo hazikuwa mchanganyiko wa kubahatisha: nyingi zilikuwa za wale mafundi wa kujenga ribosomu waliotajwa hapo juu, na protini hiyo husaidia pia kuamsha jeni za protini za ribosomu zenyewe, ambazo katika hamira ni 137. Kwa maneno mengine, SFP1 haijengi ribosomu kwa mkono wake. Kazi yake ni ya msimamizi: hutoa idhini, na mamia ya mafundi huanza kazi kwa pamoja.

Inafaa kutahadhari hapa. SFP1 si msimamizi wa pekee. Protini nyingine, kama zile za jeni IFH1, FHL1 na RAP1, hukaa penye jeni za ribosomu na kushirikiana katika kuziamsha. Ndiyo maana hamira iliyonyang'anywa SFP1 haifi. Huendelea kuishi, ila ni ndogo na hukua polepole. Mwanafunzi asidhani kwamba kila tabia ya kiumbe ina jeni yake moja peke yake. Mara nyingi jeni hufanya kazi kwa ushirika.

5. Habari ya chakula hukifikiaje kiini?

Msimamizi asiyepata habari hana faida. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba protini ya SFP1 hubadili makao yake kwa kufuata hali ya chakula. Seli ikiwa imeshiba, protini hiyo hukaa ndani ya kiini, karibu na jeni inazoziamsha. Chakula kikipungua, au seli ikipatwa na dhiki nyingine, hutoka katika kiini kwa muda wa dakika chache tu na kukaa katika saitoplazimu, na utengenezaji wa ribosomu hushuka. Chakula kikirudi, nayo hurudi.

Mpeleka habari mkuu ni protini iitwayo TOR, na kisa cha kugunduliwa kwake kinafaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1964 msafara wa wataalamu kutoka Kanada ulikwenda katika kisiwa cha Rapa Nui, kilicho mbali katika Bahari ya Pasifiki, na kuchukua vifurushi vya udongo. Kutoka katika bakteria wa udongo huo ilipatikana dawa iliyoitwa rapamaisini, kwa kufuata jina la kisiwa. Dawa hiyo iliua kuvu, na baadaye ikaonekana kuzuia pia seli za kinga za mwili. Mwaka 1991 Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall, wakiwa Basel nchini Uswisi, walitafuta hamira zisizodhurika na dawa hiyo, na kwa njia hiyo wakagundua jeni mbili za TOR.

TOR hupima hasa kama seli ina naitrojeni na asidi amino za kutosha. Vikiwapo, huipachika SFP1 kipande cha fosfati, ambacho ni kama muhuri wa kuiruhusu ifanye kazi. Seli ikipewa rapamaisini, TOR huzimwa. SFP1 hutoka katika kiini kana kwamba chakula kimekwisha, ingawa seli imezungukwa na chakula tele. Binadamu naye ana TOR. Tangu mwaka 1999 rapamaisini imeruhusiwa nchini Marekani kwa wagonjwa waliopandikizwa figo, ili miili yao isikatae kiungo kigeni. Na dawa zilizo ndugu zake hutumika katika kutibu aina fulani za saratani.

6. Kwa nini seli ni ndogo?

Imejulikana tangu miaka ya 1970 kwamba seli ya hamira haianzi kujigawa mpaka ifikie ukubwa fulani. Ni kama daraja la mtihani: asiyefikia alama haendelei mbele. Jambo la kushangaza ni kwamba alama hiyo haikai mahali pamoja. Katika chakula kizuri seli hudai ukubwa zaidi kabla ya kujigawa. Katika chakula hafifu hukubali kujigawa ikiwa ndogo.

Hamira isiyo na SFP1 hukubali kujigawa ikiwa ndogo hata pale chakula kinapokuwa kizuri. Hujiendesha kama maskini aliye katika nyumba ya karamu. Kutokana na hayo wataalamu hao walitoa rai kwamba kasi ya kutengeneza ribosomu ndiyo mojawapo ya vipimo ambavyo seli hutumia kuweka alama hiyo ya ukubwa. Rai hii imeungwa mkono na majaribio mengi, ingawa namna kamili kipimo hicho kinavyofanya kazi inaendelea kuchunguzwa.

7. Gesi si ukuaji: somo la chungu cha mbege

Watu wengi huchanganya mambo mawili: kuchachua na kukua. Unga unapoumuka, kinachouinua ni gesi ya kabonidayoksaidi itokanayo na sukari. Seli ya hamira inaweza kutoa gesi nyingi bila kuongezeka idadi yake hata kidogo. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi. Unga wa maandazi huchelewa kuumuka kwa sababu vimeng'enya hufanya kazi polepole katika baridi. Kuchelewa huko kunahusu gesi kwanza.

Ama kuhusu ukuaji, sukari haitoshi. Protini hujengwa kwa asidi amino, na asidi amino zina naitrojeni, ambayo haimo katika sukari. Hapa utaalamu wa jadi unastahili heshima. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu pamoja na kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ndizi hutoa sukari. Kimea huleta vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini za nafaka, na hivyo hamira hupata asidi amino za kujijengea ribosomu mpya. Naitrojeni au sukari inapoanza kwisha, TOR hutulia, SFP1 hutoka katika kiini, ujenzi wa ribosomu hupungua, na seli hujiandaa kwa usingizi. Seli hizo zilizolala katika machicha ndizo zinazoamka zinapotiwa katika pombe mpya. Vivyo hivyo kwa punje kavu za hamira ya dukani zinapotiwa katika maji ya uvuguvugu yenye chakula.

8. Maji ya Meru na njia ile ile ya uchunguzi

Njia ya kuondoa jeni moja na kutazama kilichoharibika imetoa pia fundisho linalogusa Meru moja kwa moja. Miamba ya volkano ya mlima huu ina fluoridi, na mito na chemchemi nyingi za miteremko yake, kama zile za eneo la Maji ya Chai, zina fluoridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokulia kwenye maji hayo hupata meno yenye madoa ya kahawia, na fluoridi ikizidi sana kwa miaka mingi hupotosha mifupa. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyasafisha maji hayo kwa kutumia mkaa wa mifupa.

Hamira haisumbuliwi na fluoridi ya kiasi hicho. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walieleza sababu. Hamira ina jeni mbili ziitwazo FEX, ambazo protini zake hukaa katika utando wa seli na kuitoa fluoridi nje. Katika maji yenye uchachu, fluoridi huungana na haidrojeni na kupenya utando kwa urahisi. Ikishafika ndani, ambako uchachu ni mdogo, huachana na haidrojeni na kunaswa humo. FEX ndiyo mlango wake wa kutokea. Hamira iliyoondolewa jeni hizo huacha kukua kwenye fluoridi iliyo kidogo mara mamia kuliko ile inayostahimiliwa na hamira ya kawaida.

Wanyama wenye uti wa mgongo, pamoja na binadamu, hawana jeni za FEX. Hutegemea figo kuitoa fluoridi, na inayobaki huingia katika mifupa na meno. Kwa hiyo pombe kuchachuka vizuri kwa maji ya mto fulani si ushahidi kwamba maji hayo ni salama kwa mtoto. Usalama wa maji hupimwa kwa kipimo cha fluoridi, wala si kwa kutazama kiumbe chenye kinga ambayo sisi hatuna.

9. Fundisho kwa binadamu

Binadamu wanaozaliwa na kasoro katika jeni za ribosomu wapo, ingawa ni wachache. Mwaka 1999 ilithibitishwa kwamba baadhi ya watoto wenye ugonjwa uitwao Diamond-Blackfan, ambao uboho wao hushindwa kutengeneza chembe nyekundu za damu tangu utotoni, wana kasoro katika jeni ya protini moja ya ribosomu. Protini moja kati ya themanini hivi inatosha kuleta ugonjwa. Mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba upungufu wa damu ulio wa kawaida Afrika Mashariki una sababu nyingine, hasa malaria, minyoo na ukosefu wa madini ya chuma, na kwamba hizo zinazuilika na kutibika.

Kwa upande wa pili, seli za saratani nyingi huongeza utengenezaji wa ribosomu, na vijikiini vyake huonekana vikubwa chini ya darubini. Kuelewa jinsi hamira inavyofunga na kufungua kiwanda hiki ni sehemu ya kutafuta dawa. Katika mkoa wa Arusha vijana wanaweza kuifuata elimu hii karibu na nyumbani, kwani Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011.

10. Jaribio la darasani

Vifaa: hamira kavu, sukari, viazi mviringo viwili, chupa nne za kioo angavu zilizosafishwa kwa maji ya moto, puto mbili, uzi, rula na vitambaa safi.

Sehemu ya kwanza (gesi). Tia maji ya uvuguvugu katika chupa mbili, kijiko kimoja cha hamira katika kila moja, na vijiko viwili vya sukari katika moja tu. Funika midomo kwa puto. Pima mzingo wa kila puto kwa uzi kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja. Usifunge chupa kwa kizibo. Gesi inaweza kuipasua.

Sehemu ya pili (ukuaji). Chemsha viazi vilivyokatwa, chuja maji yake, na yaache yapoe. Katika chupa ya tatu tia maji yaliyochemshwa na sukari. Katika ya nne tia maji ya viazi na sukari ya kiasi hicho hicho. Katika kila moja ongeza chembe chache mno za hamira, ambazo hazitoshi kuyatia maji ukungu. Funika kwa kitambaa. Baada ya saa 24 zitikise chupa taratibu, weka maandishi nyuma ya kila moja, na ulinganishe ukungu wake na ule wa mwanzo. Kwa kawaida chupa ya maji ya viazi huongezeka ukungu zaidi, kwa kuwa seli zimepata naitrojeni na kuzaana. Kama darubini ipo, tazama tone kutoka kila chupa na uhesabu seli zenye machipukizi. Vimiminika hivi visinywewe. Vimwagwe baada ya kazi.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kuchachua na kukua kwa hamira, ukitumia matokeo ya sehemu zote mbili za jaribio.
2. Seli ya hamira yenye ribosomu 200,000 imewekwa katika chakula hafifu na sasa hujizidisha kila dakika 250. Ikiwa idadi ya ribosomu katika kila seli haikubadilika, ingehitaji kutengeneza ribosomu ngapi kwa dakika? Je, ni sahihi kudhani kwamba idadi hiyo haikubadilika?
3. Hamira imepewa chakula tele pamoja na rapamaisini. Protini ya SFP1 itakuwa wapi, na kwa nini?
4. Mtu asema: "Maji haya ni mazuri, kwani pombe yake huchachuka upesi." Mjibu kwa hoja za kisayansi.

Dondoo kwa mwalimu: jibu la hesabu katika swali la 2 ni ribosomu 800 kwa dakika. Dhana iliyotumika si sahihi, kwa sababu seli inayokua polepole hupunguza pia idadi ya ribosomu inazozibeba. Kwa hiyo hitaji halisi ni dogo zaidi ya hapo. Mwanafunzi atakayeligundua hilo bila kuambiwa atakuwa ameelewa kiini cha somo.